Mgeni, Mlowezi na Raia: Miaka Miwili ya Kuchagua, 1961–1963

Neno raia halikuzaliwa na maana tunayolipa leo. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo lilikuwa jina la kundi lichungwalo, kisha likawa jina la watu walio chini ya mtawala. Lilipoingia katika Kiswahili lilichukua maana hiyo ya pili. Raia alikuwa mtu wa chini, mlipa kodi na mtii wa amri, aombaye rehema kwa mwenye nguvu. Hapakuwa na mtu aliyeandika barua kuomba uraia wa namna hiyo. Ulimjia kama mvua imjiavyo msafiri njiani. Lakini baina ya tarehe 9 Desemba 1961 na tarehe 9 Desemba 1963 neno lile lile lilikuwa jina la kitu ambacho watu wa Tanganyika wasio na asili ya hapa walikifikiri usiku, wakakijadili katika nyumba zao, wengine wakakitaka, wengine wakakikataa, na wengine wakasita hata siku zikaisha.

Makala haya yanaihusu miaka miwili hiyo. Habari yake husimuliwa kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko sheria ilikotungwa. Mimi naitazama kutoka Mkongo, katika nchi ya Rufiji. Sidai kwamba lilitendeka hapa jambo kubwa lisilotendeka kwingine. Nasema tu kwamba mwenye duka la kanga, chumvi na mafuta ya taa kando ya mto, aliye mbali na mawaziri na mawakili, aliulizwa swali lile lile aliloulizwa tajiri wa mjini, akatakiwa alijibu kabla ya tarehe ile ile.

Wanafunzi wetu wakiijadili habari hii huleta hukumu mbili. Wengine husema kwamba waliosita kuchukua uraia walikuwa wanyonyaji ambao mfuko wao ulikuwa Tanganyika na moyo wao ulikuwa ng'ambo. Wengine husema kwamba walowezi walionewa, wakaambiwa wachague wakati uchaguzi ulikuwa umekwisha kuamuliwa. Kila hukumu ina chembe ya kweli, na kila moja imeacha nusu ya habari. Uraia ni ahadi ya pande mbili, na hatuwezi kumhukumu aliyeombwa ahadi bila ya kumtazama aliyeahidi.

Watu wa bonde la Rufiji walikuwa wamezoea kupewa mabwana wapya bila ya kuulizwa. Katika karne ya 19 pwani yao ilihesabiwa katika milki ya Sultani wa Unguja. Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani marki 4,000,000, na pwani ikahama mkono kama shamba linalouzwa pamoja na miti yake. Mwaka 1905 Wamatumbi na majirani zao walipoinuka katika vita vya Maji Maji, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya Serikali ile na raia wake. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Waingereza waliishika nchi kwa amana, na tangu mwaka 1946 amana hiyo ilikuwa ya Umoja wa Mataifa. Kwa sababu hiyo mkulima wa Mkongo hakuwa raia wa Uingereza hata siku moja. Sheria ilimwita mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza. Alipokuwa na shauri alivuka mto kwenda Utete kwa Bwana Shauri, na alirudi kama alivyokwenda, yaani mwenye nchi asiye na uraia.

Katika nchi hiyo hiyo waliishi watu waliokuja kwa bahari. Delta ya Rufiji ilitoa boriti za mikoko, zikapakiwa majahazini kupelekwa Arabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zenye uhaba wa miti ya kujengea; na bonde lilitoa mpunga na pamba. Biashara ya rejareja hapa, kama katika sehemu nyingi za Tanganyika, ilikuwa zaidi mikononi mwa Waarabu na Wahindi. Waarabu walitoka Oman na Hadhramaut. Wahindi walitoka hasa Kutch na Kathiawar, sehemu zilizokuwa na wafalme wao wa Kihindi chini ya kivuli cha Mwingereza. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha kwamba Tanganyika ilikuwa na Waafrika zaidi ya 8,600,000, Waasia zaidi ya 70,000, Wazungu kiasi cha 20,000, na Waarabu kiasi cha 19,000. Kwa idadi, watu wasio Waafrika walikuwa kama chumvi katika chungu. Kwa mali, cheo na elimu hawakuwa chumvi, bali walikuwa karibu ya kuwa chakula chenyewe.

Kiswahili kilikuwa na majina ya watu hao kabla sheria haijawa nayo. Mgeni ni yule ajaye na kuondoka. Mlowezi ni yule aliyelowea, yaani aliyekaa hata ugeni ukamwisha machoni mwa jirani zake. Mwenyeji ni mwenye mji. Methali yetu yasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba ukarimu una mwisho, na mwisho wake si kufukuzwa, bali ni kushirikishwa katika kazi ya nyumba. Utawala wa kikoloni ulimzuia mgeni asipewe jembe. Shule ziligawanywa kwa rangi, na hospitali pia. Mwaka 1955 viti vya wajumbe wasio maofisa katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa sawa baina ya Waafrika, Waasia na Wazungu, kana kwamba mamilioni na maelfu ni hesabu moja. Katika uchaguzi wa miaka ya 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Hivyo mtu aliyekaa miaka 40 katika bonde aliendelea kuhesabiwa mgeni, na mwenyeji aliendelea kuhesabiwa mtu wa chini, na baina yao ulisimama ukuta. Nchi ilipopata uhuru iliurithi ukuta huo pamoja na bendera.

Sheria ya uraia iliyokuja na uhuru iligawa watu katika mafungu. La kwanza lilikuwa la wale waliozaliwa Tanganyika, wakiwa na uraia wa Uingereza na makoloni yake au wakiwa chini ya ulinzi wake, na ambao mzazi wao mmoja alizaliwa Tanganyika pia. Hao waliamka raia siku ya uhuru bila ya kuandika herufi moja. La pili lilikuwa la waliozaliwa hapa kwa wazazi ambao wote wawili walizaliwa nje. Hao walikuwa na haki ya kuandikishwa, lakini ilikuwa lazima waitumie kabla ya tarehe 9 Desemba 1963. La tatu lilikuwa la waliozaliwa nje wakaja kukaa. Wao walihitaji kuomba, na Serikali ilikuwa na hiari ya kukubali au kukataa. Mgeni aliyetaka kupewa uraia kwa njia hiyo alitakiwa awe amekaa nchini miaka ya kutosha, awe na tabia njema, na awe anajua vya kutosha Kiswahili au Kiingereza. Mtu mzima hakuruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Njia mbili zilimshinda fisi, na sheria haikutaka kuwa na raia fisi.

Yafaa tusimame katika maneno mawili, mzazi mmoja. Sheria haikusema baba. Katika delta na pwani yote ya Mrima Waarabu wengi walioa wanawake wa nchi. Mtoto aliyezaliwa katika ndoa kama hiyo aliweza kuwa na baba wa Hadhramaut na mama wa Rufiji, na kwa sheria hii mama ndiye aliyempa uraia. Baba aliyemiliki jahazi na duka alibaki nje ya mlango, na mama asiyemiliki kitu ila jembe na chungu alimwingiza mwanawe ndani kwa kuwa tu alizaliwa hapa. Watu waliozoea kuhesabu ukoo kwa baba waliona jambo jipya. Duka la Mhindi lililokuwa jirani lilikuwa na hali nyingine. Huko aghalabu mume na mke walikuwa wa jamaa moja, na mara nyingi mke aliletwa kutoka Bara Hindi. Kwa hiyo mtoto wao, ijapokuwa alizaliwa na kukua hapa na kusema Kiswahili na watoto wenzake, alikuwa katika fungu la pili. Yeye alitakiwa aandike.

Tena kuna tofauti kubwa baina ya kuandikishwa na kuomba. Aandikishwaye hudai kilicho chake. Aombaye hungoja hisani. Tarehe 9 Desemba 1963 ilikuwa mpaka baina ya mambo hayo mawili. Aliyezaliwa Tanganyika akasita hata siku ile ikapita, alilala akiwa na haki akaamka akiwa mwombaji. Ndiyo maana miaka miwili hiyo ilikuwa mizito.

Mswada ulipojadiliwa Bungeni mnamo Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wajumbe kadha wa TANU waliupinga. Walikutana katika ukumbi wenye jina la ukoo wa Karimjee, na Spika wao alikuwa Abdulkarim Karimjee, mtu wa ukoo huo huo. Hivyo swali kama Mwasia astahili kuwa raia lilijadiliwa katika nyumba yenye jina la Waasia, mbele ya Mwasia aliyewapa wasemaji ruhusa ya kusema. Si haki kusema kwamba wapinzani walisukumwa na wivu mtupu. Waliona kwamba Mwafrika alidharauliwa katika nchi yake tangu zamani za Wajerumani, na kwamba uhuru utakuwa jina tu ikiwa waliokuwa juu watabaki juu kwa kubadili karatasi. Waliogopa raia mwenye mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje, ambaye siku ya neema atasema ni Mtanganyika na siku ya dhiki atatoa pasipoti ya pili.

Waziri Mkuu, Julius Nyerere, aliwajibu tarehe 18 Oktoba kwa ukali ambao haukuwa desturi yake. Alikataa kabisa kwamba uraia uwe na msingi mwingine usiokuwa utii kwa nchi. Waliotukuza rangi aliwafananisha na Hitler. Alionya kwamba watu wakikubali kusema kuwa binadamu wote ni sawa isipokuwa Wazungu, Wahindi na Waarabu, siku itakuja watakaposema kuwa wote ni sawa isipokuwa Wamasai, isipokuwa Wagogo, isipokuwa Waha, isipokuwa Waislamu. Kisha alieleza kwamba Serikali yake itajiuzulu ikishindwa katika jambo hili. Mswada ulipita.

Onyo lile mtu wa Rufiji angeweza kulielewa upesi. Jina Warufiji ni jina la mto kwanza. Waliokaa bondeni walitoka pande nyingi: wako wenye asili ya Kindengereko, ya Kimatumbi, ya Kingindo, na wako waliotoka mbali zaidi, pamoja na wajukuu wa watu walioletwa pwani kwa minyororo ya utumwa. Tukianza kupima nani ni mwenyeji halisi kwa damu, mizani haitasimama katika duka la Mhindi. Itaingia katika kila kitongoji, imwulize kila mtu babu yake alivuka mto lini.

Wala tusidhani kwamba sheria isiyotazama rangi ilimwuliza Mwasia na Mzungu tu. Mmakonde aliyetoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, Mjaluo wa Kenya aliyekuwa karani wa reli, na mtu wa Ruanda au Urundi aliyekuja kutafuta kibarua, wote kwa sheria walikuwa wageni kama Mgujarati. Ngozi yao iliwasitiri machoni mwa watu, lakini haikuwapa karatasi. Jambo hili husahauliwa mara kwa mara, kwa sababu rangi hutuzuia tusione mipaka, kama vile mipaka wakati mwingine hutuzuia tusione watu.

Sasa tumtazame yule aliyetakiwa kuchagua. Mhindi wa Tanganyika alikuwa na milango kadha. Katiba ya India ya mwaka 1950 iliwaruhusu watu wa asili ya Kihindi walio ng'ambo kujiandikisha raia wa India, na kwa wengine Pakistan ilikuwa mlango wao. Wengine walikuwa na pasipoti ya Kiingereza chini ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 1949. Mlango mpya ulikuwa Tanganyika. Ushauri haukukosekana. Jawaharlal Nehru aliwaambia Wahindi wa ng'ambo washirikiane na wenyeji wa nchi walimokaa. Aga Khan wa nne, aliyetawazwa Dar es Salaam tarehe 19 Oktoba 1957, aliwashauri wafuasi wake Waismaili wachukue uraia wa nchi wanazoishi, na wengi wao walimtii.

Lakini ushauri wa kiongozi hauondoi hesabu za nyumbani. Mwenye duka alijiuliza kama leseni yake itakuwa salama zaidi akiwa raia, au kama ataitwa mgeni vile vile. Karani alijiuliza kama cheo chake atapewa Mwafrika hata akiwa na cheti cha uraia. Baba alijiuliza watoto wake watasoma wapi. Mtu aliyezika wazazi wake katika ardhi hii alijiuliza kama kaburi si ushahidi wa kutosha wa mapenzi. Katika jamaa nyingi ndugu waligawana milango: mmoja akachukua uraia wa Tanganyika, mwingine akabaki na pasipoti ya Kiingereza, wa tatu akawa wa India, ili jamaa isizame yote ikiwa chombo kimoja kitazama. Mpinzani wa Bungeni aliita tendo hilo ukosefu wa utii. Mwenye kulitenda aliliita tahadhari. Nadhani wote wawili walisema kweli. Jamaa iliyogawana pasipoti haikuiamini nchi kikamilifu. Na nchi haikuwa bado imepata wakati wa kuaminiwa.

Wako waliochagua kwa moyo mmoja. Derek Bryceson, Mwingereza aliyezaliwa China na aliyekuwa rubani katika vita vya pili vya dunia, alikuja kulima, akawa raia na waziri. Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani, na Barbro Johansson, mwalimu wa misheni kutoka Sweden aliyefundisha Bukoba, waliingia Bungeni na wakachukua uraia wa Tanganyika. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, alikuwa waziri kwa miaka mingi. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 Bryceson alishinda Dar es Salaam na Jamal alishinda Morogoro, kwa kura za watu ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Wapiga kura hao walitoa jibu lao wenyewe kwa majadiliano ya mwaka 1961, na walilitoa kimya. Lakini mifano hii ni ya watu wakubwa, waliojulikana na Serikali na walioijua Serikali. Mwenye duka la kando ya mto hakuwa na rafiki waziri. Yeye aliitegemea sheria peke yake, na kwa hiyo yeye ndiye kipimo cha sheria.

Je, nchi iliitimiza ahadi yake? Tuitazame kwa miaka. Katika mwaka 1961 raia asiye Mwafrika aliweza kupiga kura, lakini hakuweza kuwa mwanachama wa TANU; mlango huo ulifunguliwa mwaka 1963. Tarehe 7 Januari 1964 Rais Nyerere alitangaza kwamba katika kazi za Serikali upendeleo wa Mwafrika juu ya raia mwingine umekwisha, na kwamba raia wote watatazamwa sawa. Vyama vya wafanyakazi vilinung'unika. Siku 5 baadaye yalitokea mapinduzi ya Unguja, na tarehe 20 Januari askari wa Colito waliasi, wakitaka mishahara mizuri zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Lilikuwa juma baya la kuwa na imani. Aliyekuwa amekwisha kujiandikisha alijiuliza kama amekosea. Aliyekuwa amesita alijipongeza. Hata hivyo tangazo lile halikufutwa.

Kisha ulikuja mtihani mwingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilizipeleka benki na makampuni makubwa katika mikono ya umma. Mnamo Aprili 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000. Sheria hiyo haikutaja rangi wala pasipoti, ilitaja thamani. Lakini wenye majumba ya namna hiyo karibu wote walikuwa Waasia, na miongoni mwao walikuwamo raia waliojiandikisha kwa hiari mwaka 1962 au 1963. Wengi waliondoka nchini baada ya hapo. Mtetezi wa Serikali atasema kwamba raia walitendewa sawa na wasio raia, na kwamba ujamaa hauwezi kuacha jumba la mtu kwa sababu ana cheti. Mwenye jumba atasema kwamba hilo ndilo alilolilalamikia: aliahidiwa kwamba cheti kina uzito, na siku ya kupimwa hakikuwa na uzito wowote. Ni lazima mwanahistoria ayaandike maneno yote mawili.

Hapo ndipo kuitazama habari hii kutoka bondeni kunapotufaa. Mwaka 1968, baada ya mafuriko, na mwaka 1969, Serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji kutoka mashamba yao, ikawakusanya katika vijiji vya nchi ya juu, upande wa kaskazini wa mto. Watu hao walizoea kuishi na maji. Walilima mpunga maji yakija, wakalima mahindi na pamba katika udongo uliolowa maji yakiondoka, na msimu wa kulinda mazao walikaa katika madungu juu ya mashamba yao. Nia ya Serikali ilikuwa kuwaokoa na mafuriko na kuwapa shule, zahanati na maji safi. Lakini mashamba yenye rutuba yalibaki mbali, na mwenye shamba akawa msafiri wa kwenda shambani kwake. Watu hao hawakuandika barua ya uraia. Mizizi yao haikutiliwa shaka na mjumbe yeyote wa Bunge. Hata hivyo walipoambiwa wahame, walihama.

Tukiliweka jambo hilo kando ya kutwaliwa kwa majumba, hukumu zile mbili za wanafunzi zinapungua nguvu. Anayesema kwamba Mwasia alionewa kwa kuwa ni Mwasia hana budi aeleze kwa nini Mndengereko alihamishwa. Anayesema kwamba mwenye kuipenda nchi hakuwa na sababu ya kuogopa hana budi aeleze kwa nini waliozaliwa na nchi hii tangu babu na babu hawakuulizwa kwanza. Jumba na shamba si kitu kimoja, wala tajiri na maskini hawaumii sawa. Lakini wote wawili walijifunza kwamba uraia wa siku zile ulikuwa bado na harufu ya maana yake ya kale, maana ya kundi lichungwalo. Mchungaji alikuwa mwema kuliko wa zamani, na alilipenda kundi. Lakini alikuwa mchungaji.

Tusiihukumu Tanzania peke yake. Waliobaki na pasipoti ya Kiingereza walidhani wameshika kamba isiyokatika. Mnamo Machi 1968, Waasia wa Kenya walipokuwa wakikimbilia London kwa maelfu, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache sheria ya kuwazuia raia wake wenyewe wasiokuwa na baba wala babu wa Kiingereza. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na wengi waliojihesabu kuwa raia wa Uganda walikataliwa hati zao zilipokaguliwa. Aliyeandika na asiyeandika walikutana katika uwanja mmoja wa ndege. Ukizitazama nchi hizi kwa pamoja, utaona kwamba Tanganyika ya mwaka 1961 iliahidi kwa uwazi zaidi kuliko wengi, na kwamba haikumfukuza raia kwa rangi yake. Hiyo si sifa ndogo. Lakini sifa ya kutofanya ubaya mkubwa haijibu swali la nani aliulizwa.

Swali lenyewe halikufa mwaka 1963. Wakimbizi wa Burundi walioingia mwaka 1972, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walitakiwa tangu mwaka 2007 wachague kurudi kwao au kuomba uraia wa Tanzania. Walio wengi waliomba. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba zaidi ya watu 160,000 wamekubaliwa; lakini vyeti vyao havikuanza kutolewa kwa wingi mpaka mwaka 2014. Kwa miaka minne watu hao walikuwa wameuacha uraia wa Burundi bila ya kuwa na karatasi ya uraia wa Tanzania mkononi. Walikuwa wamekwisha kutimiza upande wao wa ahadi, wakangoja upande wa pili. Hatimaye ulitimizwa, na nchi chache duniani zimewahi kutoa uraia kwa wakimbizi wengi kama hao kwa mara moja. Kungoja kule, hata hivyo, ni sehemu ya historia ya uraia wetu kama vile kilivyo cheti chenyewe.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuiandika habari ya miaka miwili ile na aanze kwa kuuliza maswali mawili pamoja, wala asiliache moja kwa ajili ya lingine. La kwanza: mtu huyu alikuwa tayari kuacha nini ili awe wa nchi hii? La pili: nchi hii ilikuwa tayari kumwahidi nini ambacho haitakiondoa bila ya kumwuliza? Swali la kwanza tumemwuliza mlowezi mara nyingi, na tumemkaripia aliposita kujibu. La pili lamhusu mlowezi na mwenyeji sawasawa, mwenye cheti na mwenye kaburi la babu yake, mtu wa mjini na mtu wa Mkongo. Sheria ya mwaka 1961 ilifanya kazi njema ya kumtoa raia katika rangi. Kumtoa raia katika kundi lichungwalo ni kazi nyingine, na hiyo haikuwekewa tarehe ya mwisho.